Milima ya Ellsworth au Milima ya Gamburtsev: uchague ipi kwa mradi wako wa ramani?

Kwa mwanafunzi wa jiografia au wa upimaji ardhi anayetaka kuandika mradi juu ya namna safu ya milima inavyogunduliwa hadi ikaingia kwenye ramani, Antaktika ina mifano miwili inayofaa kuliko yote ninayoijua. Mmoja ni Milima ya Ellsworth, iliyoko Antaktika ya Magharibi kando ya barafu inayoelea ya Ronne, ambayo binadamu waliiona kwa mara ya kwanza wakiwa ndani ya ndege mwaka 1935. Mwingine ni Milima ya Gamburtsev, iliyozikwa yote chini ya barafu katikati ya Antaktika ya Mashariki. Hii ya pili hakuna aliyewahi kuiona wala kushika jiwe lake, na bado leo tuna ramani inayoonyesha vilele na mabonde yake.

Ulinganisho huu ni kwa anayelazimika kuchagua mmoja: mwanafunzi wa chuo anayeandika mradi, mwalimu wa kidato cha tano na sita anayetafuta mfano wa kufundishia, au mtu anayejisomea nyumbani. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa mradi wa kwanza, chagua Ellsworth. Gamburtsev ina kisa kinachosisimua zaidi na sayansi iliyo nzito zaidi, lakini ina mtego mmoja ambao nimeona ukiwanasa hata watu makini, na nitaueleza kwa kirefu huko chini.

Kuna wanaouliza kwa nini nisiweke Milima ya Transantaktika. Hiyo James Clark Ross aliiona mwaka 1841, inakata bara zima kwa zaidi ya kilomita 3,000, na historia yake imegawanyika katika misafara mingi mno. Ni kazi ya kitabu. Safu ya Lomonosov, iliyo chini ya Bahari ya Aktiki na kugunduliwa na Wasovieti mwaka 1948, nayo imeingia katika mvutano wa mipaka ya sakafu ya bahari kati ya Urusi, Denmark na Kanada, kiasi kwamba mradi wako utageuka wa sheria kabla hujachora kontua (mstari wa mwinuko) hata moja. Tubaki na hizi mbili.

Kuonekana na kusikika

Lincoln Ellsworth alikuwa tajiri wa Kimarekani aliyegharamia safari zake mwenyewe. Alitaka kuvuka Antaktika kwa ndege, kutoka upande wa Bahari ya Weddell hadi Bahari ya Ross, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Mwanzoni mwa 1934 barafu ya bahari ilipasuka chini ya ndege yake, Polar Star, ikaumia kabla safari haijaanza. Msimu uliofuata injini na hali ya hewa vilimrudisha tena. Ndipo tarehe 23 Novemba 1935 akaruka kutoka Kisiwa cha Dundee, rubani akiwa Herbert Hollick-Kenyon wa Kanada. Redio yao ilikatika siku hiyohiyo ya kwanza, dunia ikadhani wamepotea.

Katika mruko huo ndipo akaiona safu ya milima imesimama peke yake juu ya uwanda wa barafu. Akaiita Sentinel, ambayo leo ni sehemu ya kaskazini ya Milima ya Ellsworth, na kilele kimoja akakipa jina la mkewe, Mary Louise Ulmer. Mpaka leo kinaitwa Mlima Ulmer. Walitua mara nne njiani, wakapima jua kwa sekstanti ili wajue walipo, na tarehe 5 Desemba mafuta yakawaishia wakiwa wamebakiza kama kilomita 25 kufika kambi iliyoachwa ya Little America. Sehemu hiyo waliimalizia kwa miguu. Meli ya Discovery II iliwakuta huko katikati ya Januari 1936, wazima.

Sasa pima alichorudi nacho: picha, mwelekeo wa safu, na mahali pake kwa makadirio. Kilele kirefu kuliko vyote Antaktika kilikuwa humo ndani, naye hakukitambua. Kilele hicho, Vinson, kilikuja kutambuliwa Januari 1958 na ndege za jeshi la majini la Marekani, na jina lake likatoka kwa Carl Vinson, mbunge wa Georgia. Kati ya kuiona safu na kukijua kilele chake kikuu ilipita miaka 22. Hapa pana kiini kizuri cha mradi, kwa sababu kugundua kunaonyesha hatua zake moja baada ya nyingine, na kila hatua ina tarehe, chombo na jina la mtu.

Gamburtsev ilianza kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1958, ndani ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, kipindi ambacho nchi nyingi ziliichunguza dunia kwa pamoja, msafara wa tatu wa Kisovieti ulikuwa unakokota sleji kwa matrekta makubwa kuelekea ile sehemu ya bara iliyo mbali na bahari kuliko nyingine zote, ambako walifika Desemba mwaka huo. Kila walipokuwa na kituo cha kupima, walilipua baruti na kusikiliza mwangwi ukirudi kutoka kwenye mwamba wa chini. Juu hakukuwa na kitu cha kuona ila tambarare nyeupe pande zote. Walitarajia mwamba ulio chini nao uwe tambarare. Badala yake mwangwi ukaanza kurudi mapema kuliko ilivyopaswa: barafu ilikuwa imepungua unene ghafla, maana yake mwamba ulikuwa umeinuka. Chini yao kulikuwa na milima.

Waliipa jina la Grigory Gamburtsev, mtaalamu wa jiofizikia aliyefariki mwaka 1955, miaka mitatu kabla ya ugunduzi wenyewe. Ellsworth aliona milima inayobeba jina lake. Gamburtsev hakujua kwamba ipo, ila ni fani yake ya mawimbi ya mtetemo iliyoigundua, nami naona jina hilo linastahili.

Vipimo: hapa ndipo uamuzi ulipo

Mwanafunzi akiniuliza achague ipi, namrudishia swali: unataka kujifunza kosa la aina gani? Ramani zote mbili zina makosa, na mradi mzuri wa ramani ni ule unaoyajua makosa yake.

Chukua urefu wa Vinson. Makadirio yaliyotolewa mwaka 1959 baada ya misafara ya ardhini ya Mwaka wa Jiofizikia yalisema mita 5,140. Upimaji wa msimu wa 1979–80 ukasema mita 4,897. Mwaka 2004 wapandaji wakiongozwa na Damien Gildea walipeleka kipokezi cha GPS hadi kileleni, jibu likawa mita 4,892, na ndiyo namba inayotumika leo. Kati ya namba ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya mita 248. Kilele hakikuporomoka, ni upimaji uliokuwa ukinolewa.

Mita hizo zinaweza kupotelea wapi? Fanya hesabu mwenyewe, ndiyo raha ya mfano huu. Tuseme umesimama na theodolaiti, chombo cha kupima pembe, juu ya barafu, kilomita 80 kutoka kileleni. Ukikosea pembe kwa dakika moja tu, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, urefu unapotoka kwa takriban mita 23. Kisha kuna mviringo wa dunia: kwa umbali huo dunia imejipinda kiasi kwamba karibu mita 500 za chini ya mlima zimezama chini ya mstari wako wa kuonea. Unaziongeza kwa hesabu, sawa. Lakini mwanga nao unajipinda ukipita hewani, na kwa kawaida hupunguza marekebisho hayo kwa kama asilimia 13. Juu ya uwanda wa barafu, hewa ya chini mara nyingi ni baridi kuliko ya juu, na hapo mwanga unajipinda kuliko kawaida. Ukitumia kiwango cha kawaida mahali pasipo na hali ya kawaida, makumi ya mita yanapotea bila wewe kufanya uzembe wowote. Na bado hujagusa mwinuko wa pale uliposimama. Misafara ya miaka hiyo iliupata kwa barometa, na shinikizo la hewa linabadilika na hali ya hewa.

Makosa haya yote mpima ardhi wa Dodoma au Nakuru anayajua kwa majina. Ndiyo hayohayo, ila yamekuzwa na umbali na baridi. Kwa hiyo ukisoma Ellsworth unasoma taaluma yako mwenyewe.

Jambo la pili linaloifanya safu hii iwe somo ni picha za angani. Wamarekani walitumia mpangilio wa kamera tatu ndani ya ndege moja, moja ikitazama chini na mbili zikitazama pembeni kulia na kushoto, ili mruko mmoja ufunike toka upeo hadi upeo. Katika Operesheni Highjump ya 1946–47 walipiga hivyo picha zipatazo 70,000, nyingi za pwani ya Antaktika. Ukizisikia unadhani ramani ilikuwa tayari. Haikuwa. Picha hizo zilikosa alama za ardhini zilizopimwa, kwa hiyo nyingi hazikuweza kufungwa mahali pake. Msimu uliofuata ikabidi utumwe msafara mwingine na helikopta, Operesheni Windmill, kwenda kutafuta alama hizo. Kila mwanafunzi anayerusha droni leo na kuamini kwamba picha zake zinatosha bila bikoni (alama ya ardhini iliyopimwa) hata moja angepaswa kukisoma kisa hiki kabla ya kuwasha betri.

Kwa Ellsworth, somo lilikuwa limeshaeleweka. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lilichora ramani za safu hiyo kutokana na mambo mawili yaliyokwenda pamoja: picha za jeshi la majini za 1957 hadi 1960, na vipimo vya ardhini. Wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Minnesota nao walikuwa humo miaka ya mwanzo ya 1960, na barafuto, yaani mto wa barafu, inayotenganisha Sentinel ya kaskazini na safu ya Heritage ya kusini ikaitwa Minnesota. Ramani za skeli ya 1:250,000 zilizotokana na kazi hiyo ndizo msingi wa kila kilichofuata. Tarehe 18 Desemba 1966 watu wanne wa msafara wa Nicholas Clinch walisimama juu ya Vinson kwa mara ya kwanza. Kwa anayejua Kilimanjaro, Vinson ni mfupi kuliko Kibo kwa mita 1,003 kamili, na uko kwenye baridi ambayo Kibo haijawahi kuonja.

Gamburtsev na mtego wake

Fikiria sasa huna cha kulenga kwa theodolaiti. Una uso wa barafu tu, na juu yake Kuba A, sehemu ya juu kabisa ya barafu ya Antaktika ya Mashariki, karibu mita 4,090 toka usawa wa bahari. Chini yake kuna safu ya urefu wa takriban kilomita 1,200 yenye vilele vya mita 2,700 hivi, ukubwa wa kulinganishwa na Alpi za Ulaya. Barafu iliyo juu ya vilele ni zaidi ya mita 600, na kwenye mabonde inapita mita 3,000.

Njia ya kwanza ni ile ya baruti. Wimbi la mtetemo hupita kwenye barafu kwa kasi ya kama mita 3,850 kwa sekunde. Juu ya kilele chenye barafu ya mita 600, mwangwi unarudi baada ya thuluthi moja hivi ya sekunde. Juu ya bonde la mita 3,000, ni zaidi ya sekunde moja na nusu. Tofauti hiyo hata sikio lingeitambua, na ndiyo iliyowashtua Wasovieti. Udhaifu wake ni kwamba unapata kipimo pale tu ulipochimba shimo na kulipua. Trekta likisogea makumi ya kilomita hadi kituo kingine, katikati hujui kitu.

Njia ya pili ni rada. Mawimbi ya redio hupita kwenye barafu kwa takriban mita 168 katika kila sehemu ya milioni ya sekunde, kwa hiyo barafu ya mita 3,000 inarudisha mwangwi baada ya sehemu 36 hivi za milioni. Ndege inaweza kutuma na kupokea mfululizo huku ikiruka, na badala ya nukta unapata mstari usiokatika. Kuanzia miaka ya 1960 Taasisi ya Scott ya Cambridge iliikuza mbinu hii, na miaka ya 1970 ndege kubwa za Kimarekani zikaibeba juu ya sehemu kubwa ya bara. Kuba A iliendelea kuwa mbali mno. Wachina ndio waliofika hapo kwa njia ya ardhini mara ya kwanza, Januari 2005, wakiwa na rada juu ya magari yao. Matokeo yao yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha mabonde yaliyochongwa na mito kwanza, kisha na barafuto ndogondogo, kabla barafu kuu haijaifunika milima miaka milioni 34 hivi iliyopita na kuihifadhi vilevile.

Kazi iliyoitoa safu hii gizani hasa ilikuwa ya msimu wa 2008–09, mradi wa AGAP, ulioziunganisha nchi saba: Marekani, Uingereza, Ujerumani, Australia, China, Japani na Kanada. Ndege mbili ndogo za Twin Otter zililima anga huko kwa mistari iliyopishana kilomita 5, zikiwa na rada, leza ya kupima uso wa barafu, na vipima mvutano na sumaku. Wengine walifukia vipima mitetemo kwenye theluji na kuviacha vikisikiliza matetemeko ya mbali, ili wajue unene wa ukoko wa dunia chini ya milima. Robin Bell wa Marekani na Fausto Ferraccioli wa taasisi ya Uingereza ya Antaktika walikuwa miongoni mwa viongozi.

Ukifungua picha moja ya rada ya msimu ule, itakushika. Juu kuna mstari ulionyooka, huo ndio uso wa barafu. Chini yake inafuata mistari mingi myembamba iliyolala kwa ulalo mmoja, tabaka za theluji za maelfu ya miaka. Halafu, chini kabisa, mstari mmoja mzito unaopanda na kushuka kwa ncha kali: vilele, kingo, mabonde yenye kuta. Mahali pengine, kati ya mwamba na tabaka, kuna mavimbe ya barafu isiyo na mistari. Timu ya Bell ilieleza mwaka 2011 kwamba hayo ni maji ya chini yaliyoganda upya na kuisukuma barafu ya zamani juu, na kwamba sehemu nyingine barafu ya namna hiyo inafika nusu ya unene wote. Watu walizoea kudhani barafu ya bara hukua kutoka juu tu, kwa theluji. Kumbe inakua hata kutoka chini.

Mwaka huohuo timu ya Ferraccioli ilipendekeza kwamba mzizi wa milima hii ni wa miaka kama bilioni moja iliyopita, ukaja kuinuliwa upya na kupasuka kwa bara kati ya miaka milioni 250 na milioni 100 iliyopita. Mfumo huo wa mipasuko wenyewe waliulinganisha na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Tafiti za karibuni zinaupa uzito zaidi mgongano ulioijenga Gondwana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, bara ambalo Afrika yetu ilikuwa sehemu yake. Mwanafunzi aliyekulia Naivasha au Kigoma ana sababu ya haki ya kuichagua Gamburtsev: mipasuko iliyofichwa kule anaweza kuielewa kwa kuangalia ardhi aliyozaliwa juu yake.

Mtego wenyewe ni huu. Leo unaweza kupakua ramani ya mwamba wa chini ya Antaktika nzima, Bedmap3 ya mwaka 2025, iliyokusanya zaidi ya nukta milioni 80 za vipimo na kuvipanga katika gridi ya mita 500. Ukiifungua kwenye kompyuta inang'aa, kila mraba una namba, na mkono unawashwa kupima mteremko wa bonde fulani kana kwamba umelipiga picha. Usifanye hivyo kabla ya kujua mistari ya ndege ilipita wapi. Kama mistari ilipishana kilomita 5 na gridi ni ya mita 500, basi miraba mingi kati ya mstari na mstari haikupimwa kabisa. Imejazwa kwa makadirio kutoka kwa jirani zake. Kilele chembamba kilichoangukia katikati ya mistari miwili kinaweza kukosekana kabisa kwenye ramani. Bonde linaweza kuonekana limekatika wakati linaendelea. Nimesoma kazi za wanafunzi zenye takwimu safi za miteremko ambazo, ukizitazama vizuri, zinapima namna kompyuta ilivyojaza mapengo, si mlima.

Kosa la Vinson lilirekebishika kwa sababu mtu aliweza kupanda na kuweka kipokezi kileleni. Kwa Gamburtsev hakuna pa kwenda kuhakikisha. Njia pekee ni kupita tena kwa rada, kwa mistari iliyobanana zaidi, au kutoboa barafu hadi kwenye mwamba, jambo ambalo bado halijafanyika huko. Kwa mwanafunzi wa mwanzo, kukosa pa kujisahihisha ni hatari, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya ushauri wangu.

Data, kompyuta na bando

Pande zote mbili data ni za bure, na hilo halikutokea kwa bahati. Mkataba wa Antaktika wa 1959, katika kifungu chake cha 3, unazitaka nchi zibadilishane matokeo ya uchunguzi na kuyaweka wazi. Kati ya nchi 12 zilizotia saini mwanzo, ya Afrika ilikuwa moja, Afrika Kusini. Mwanafunzi wa Morogoro au Bujumbura ana haki ileile ya kuzipakua kama wa Boston.

Kwa Ellsworth utahitaji mfano wa miinuko uitwao REMA, uliotengenezwa kwa picha za satelaiti. Toleo lake la mita 2 ni kubwa mno kwa kompyuta na bando la kawaida; chukua la mita 32 au 100, linatosha kwa safu yenye urefu wa kama kilomita 350. Ramani za zamani za USGS zimeskaniwa, na hapo ndipo utamu ulipo: weka ramani ya miaka ya 1960 juu ya REMA, toa moja kwa nyingine, uone kontua za zamani zilikosea wapi na kwa kiasi gani. Makosa yatakuwa na mpangilio. Tazama kama yanaongezeka kadiri unavyokwenda mbali na alama za ardhini, kisha ueleze. Kazi hiyo mtu mmoja anaweza kuimaliza ndani ya muhula.

Kwa Gamburtsev, pakua Bedmap3 na, la muhimu zaidi, faili la nukta halisi za vipimo zilizoizaa. Gridi bila nukta isikushawishi. Hapo swali zuri ni kurudia kazi ya Wasovieti: chukua nukta chache zilizotengana kama vituo vyao vya trekta, tengeneza ramani, kisha ongeza mistari ya AGAP, uone milima ikijitokeza. Utahitaji kuelewa mbinu za kujaza mapengo, na kama hujawahi kusoma hata moja, jipe muda wa ziada.

Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na inazimudu zote. Taasisi ya Ncha ya Norway imeandaa mkusanyiko uitwao Quantarctica, wenye tabaka nyingi za Antaktika zilizokwisha kupangwa ndani ya QGIS. Ni faili zito, lipakue usiku au chuoni. Na usisahau projeksheni, yaani namna ya kuutandaza uso wa dunia kwenye ramani bapa. Tumia EPSG:3031, iliyotengenezwa kwa ajili ya Antaktika. Ukiacha ile ya kawaida ya wavuti, milima yako itavutwa kama mpira na kila umbali utakaoupima utakuwa wa uongo.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi wa upimaji ardhi au wa GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia) achukue Ellsworth, bila kusita. Atakutana na pembe, bikoni, picha za angani, satelaiti na GPS ndani ya historia moja ya miaka 70, na atapata namba za kulinganisha mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa sekondari naye aanzie hapo. Namba tatu za Vinson peke yake zinajaza kipindi kizima, na darasa linaweza kufanya hesabu ya kilomita 80 ubaoni.

Mwanafunzi wa jiolojia au fizikia, aliyeshika vizuri mawimbi na asiyeogopa kusema "hapa hatujapima", achukue Gamburtsev. Atapata swali lililo hai, kwa kuwa umri na chanzo cha milima hiyo bado wataalamu wanabishania. Aandike tu ukurasa mmoja kamili juu ya mapengo ya vipimo kabla ya kuweka ramani yoyote ya rangi, na msimamizi akimruhusu, achape ramani ya mistari ya ndege kwa ukubwa uleule wa ramani ya milima, zikae zikitazamana.

Anayependa kuandika historia kuliko kuchora, swali lake ni la vyanzo. Ellsworth na wapandaji wa 1966 waliandika sana, kwa Kiingereza, na picha zipo. Habari za karibu zaidi za msafara wa 1958 ziko kwa Kirusi, na bila lugha hiyo utategemea muhtasari wa watu wengine. Kama chuoni kwenu kuna mhadhiri aliyesoma Moscow au Leningrad enzi zile, nao si wachache Dar es Salaam na Nairobi, mtafute mapema kabla hujawasilisha pendekezo. Akikubali kukusomea ripoti moja tu ya vituo vya baruti, utakuwa na kitu ambacho mradi mwingine wowote wa Kiswahili juu ya milima hiyo hauna.